Shemeji, Njoo Ulale Mbele ya Moto wa Nshombo

Beechmont, Louisville
Jumanne, tarehe 20 Januari

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa Birindwa,
mkubwa wa ukoo wetu hapa Amerika,
Buffalo.

Shemeji mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ni mimi Nyirabeza, mke wa marehemu kaka yako Bagula, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Namsalimu mke wako Béatrice na goti lake, nauliza kama limekubali ngazi. Namsalimu Revokatus mwanao na kazi yake ya kiwandani, avae soksi mbili mbili. Namsalimu mke wa Revokatus, na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona ila kwenye simu, na kwenye simu alikuwa analia, donc bado sijui anafanana na nani. Nawasalimu akina mama wote wa kanisa lenu. Namsalimu hata yule mzee Mrundi wa ghorofa ya juu aliyenipa maharagwe nilipokuja kwenye matanga. Kama amehama, salamu zimfuate.

Huku kwetu, mwanangu Nshombo hajambo, bado yuko kwenye ghala kule Jeffersontown, anapanga maboksi marefu kuliko yeye. Mke wake Dative hajambo, anahudumia wazee, anawaogesha kwa upole kuliko anavyoosha sahani zangu. Binti yangu Grâce wa Columbus hajambo, kwa jinsi anavyosikika. Mjukuu wangu Florida, binti wa Nshombo, hajambo, ana miaka saba, anaelewa Kiswahili chote, ila ukimwuliza kitu anakujibu Kiingereza, kama karani wa ofisi. Mimi mwenyewe mwilini ni mzima. Rohoni hapana, na ndiyo sababu ya barua hii.

Inaletwa na Kavugho, yule wa kwaya yetu, anayekuja huko kwenu kwenye harusi. Sikutaka kutumia simu. Hii simu ni Nshombo aliyeninunulia, na siwezi kumshtaki mtu kwa simu yake mwenyewe.

Maana ninamshtaki, shemeji. Namshtaki mtoto wako Nshombo kwako wewe baba yake mdogo, uliyesimama mahali pa baba yake.

Bon, nieleze tangu mwanzo. Mwaka jana theluji iliangusha nyaya, tukakaa siku tatu bila umeme. Nilivaa makoti mawili na kitenge juu yake, nikatetemeka mpaka meno yakawa yanapiga ngoma. Nshombo aliniangalia akasema, "Mama, hii haitarudi tena." Nilidhani atanunua blanketi. Mwezi wa kumi na moja akaleta fundi, wakatoboa ukuta wa sebule, wakaweka moto ndani yake.

Moto wa gesi, shemeji. Ndani ya ukuta. Na hauna bomba la kutolea moshi. Sisemi kwamba bomba limeziba, wala kwamba bomba ni dogo. Halipo. Limekosekana kwa makusudi, na kwenye boksi waliandika jambo hilo kwa herufi kubwa, kama sifa.

Malalamiko yangu nayaweka kwa namba. Mwalimu wetu wa darasa la akina mama kule kambini Nyarugusu alitufundisha kwamba usipoweka namba, wakubwa hujibu jambo moja na kusahau yaliyobaki.

1. Kaka yako amefukuzwa sebuleni. Ukuta waliotoboa ndio ukuta wake. Unaijua ile picha ya suti ya kijivu, ameshika Biblia, anaangalia pembeni kidogo kama mtu anayeitwa. Fundi alisema juu ya moto huwa kunapata joto, picha ziondoke, vitambaa viondoke, pazia lisogezwe. Nilitoa vitambaa vyangu vyote nilivyofuma, nikatoa na kalenda ya kanisa. Sasa kaka yako ananing'inia kwenye korido, anatazamana na mlango wa choo. Mtu aliyekuwa shemasi miaka kumi na tisa!

2. Moshi. Fundi anaitwa Festus Mutua, Mkenya. Alikuja kusoma, akabaki, sasa ana karatasi ya serikali ya kufanya kazi ya gesi. Aliomba kibali cha mji, na mama mmoja wa ofisi akaja kukagua na tochi yake. Simchongei huyo kijana. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lakini nilimwuliza, "Mwanangu, moshi unaenda wapi?" Akasema, "Mama, usiworry, hii ni ventless. Inachoma clean kabisa."

Nikamwambia, "Nimepika tangu nikiwa na miaka sita. Kila kitu kinachoungua kinatoa kitu."

Akacheka. "Ni kweli Mama. Ndiyo maana mkiwasha, mnafungua dirisha kidogo."

Sasa nisikilize vizuri, shemeji. Tunawasha moto kwa sababu ni baridi. Halafu tunafungua dirisha baridi iingie, ili tusidhurike na moto tuliouwasha kwa sababu ya baridi. Nimeandika maneno haya mara tatu kwenye karatasi nyingine nione kama kosa ni langu. Si langu.

Grâce alisoma kwenye simu yake kwamba ziko serikali zinazoukataa moto wa namna hii, na kwamba Canada hawautaki ndani ya nyumba kabisa. Wewe huko Buffalo, Canada unaiona kwa macho. Vuka mto uwaulize wanajua nini ambacho Nshombo hajui.

Tena huu moto unatoa unyevu. Ukiwaka saa moja, vioo vinatiririka maji. Nshombo anasema ni kawaida. Mimi naona hata nyumba inatoka jasho kwa hofu.

3. Mlango wangu. Kabla ya kazi Mutua alipima sebule kwa utepe, urefu, upana, mpaka juu kwenye dari, akaandika, akakuna kichwa. Akasema moto aliouchagua Nshombo ni mkubwa kuliko chumba, utakula hewa yote. Hapo nilifurahi, nikasema Mungu amejibu. Mais alirudi na moto mdogo zaidi! Na hata huo mdogo akasema sebule ishirikiane hewa na chumba cha kulia. Akang'oa mlango wa katikati. Mlango mzima, wenye kitasa, haukumkosea mtu. Nimeuweka nyuma ya kitanda changu na kila asubuhi nautaja kwenye maombi.

4. Sabuni. Alipomaliza kuunga bomba la gesi, alichukua maji ya sabuni na brashi, akaliosha kila kiungo, huku ameinama anatazama. Nilidhani ni usafi, nikampenda zaidi. Kumbe anatafuta mapovu! Akasema, "Mama, kama gesi inatoroka, sabuni itatoa bubbles." Donc alikuwa hana hakika. Mtu aliyeunga mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, anaiuliza sabuni. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nami naliosha hilo bomba. Nshombo ananiambia, "Mama, wacha bomba," lakini hajanieleza kwa nini sabuni ilikuwa na akili mwezi wa kumi na moja tu.

5. Kisanduku. Sebuleni, mbali kidogo na moto, Mutua aliweka kisanduku cheupe ukutani. Akasema kikinusa hewa mbaya kitapiga kelele. Sasa wewe mkubwa uamue. Mtu akikuletea sahani ya wali, na pembeni ya sahani akakuwekea dawa ya kuzuia sumu, utauliza chumvi iko wapi?

Na bado. Alimwita Florida akamfundisha kwa Kiingereza, kisha akamwambia arudie kama mstari wa Biblia, kwamba kikilia asitafute viatu, asitafute mdoli, atoke nje na apige simu kwa wazima moto. Anamfundisha mtoto wa miaka saba kumkimbia nyanya yake.

Huu ni mwezi wa tatu tangu kiwekwe, na kisanduku hakijasema neno. Kina taa moja ya kijani, kimetulia pale ukutani kama mtu anayejifanya anasikiliza mahubiri.

6. Kuni za uongo. Ndani ya huo moto kuna magogo. Si magogo, ni udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya magogo. Haruhusiwi mtu kuyasogeza, kuongeza kitu, kutupa hata ganda la karanga. Nilijaribu kuegemeza kiazi kitamu kimoja tu, Mutua akaitwa kutoka mbali. Huwezi kuchoma mahindi. Huwezi kukausha soksi. Hauna majivu ya kusugulia sufuria. Ukitoka nyumbani unauzima, ukienda kulala unauzima. Na ndani yake kuna kidude kinachouzima chenyewe hewa ya chumba ikipungua. Moto unaojua kwamba hewa imepungua ni moto uliokwisha fikiria habari za kutuua.

Moto wa kweli ni wa mbabula, jiko letu la bati, shemeji. Mbabula yangu ninaijua. Nimelea watoto watano kwa makala, huo mkaa wa kweli, na mbabula ina sheria moja tu ambayo kwetu kila mtu anaijua, usilale nayo chumbani. Mimi sijawahi kulala nayo hata siku moja. Ninapika tu. Kiangazi naiweka uani, na wakati huu wa theluji naiingiza kwenye kachumba kale ka nyuma ya jiko, nafunga mlango wa nje, napika maharagwe yangu kwa amani nikiwa macho. Nshombo amenikataza. Nimemjibu kwamba anayetuwekea moto bila bomba sebuleni hana ulimi wa kunifundisha moto.

7. Hapa sifanyi mchezo, na ukichoka kusoma uruke yote ila usiruke hii.

Wewe ni mtu wa Bukavu. Mimi ni wa Sake. Kwetu ardhi inatoa hewa mbaya kwenye mabonde na mashimo, tunaiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Inakaa chini, imetulia kama maji usiyoyaona. Mtu mzima anaweza kupita, kichwa chake kiko juu ya hiyo hewa, anasalimia watu. Mbuzi akishuka anaanguka. Mdogo wangu Marita alimfuata mbuzi. Alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa juu ya shimo, nimeshika kamba nyingine, ya mbuzi wa pili, na nilimwona anapiga magoti taratibu kama mtu anayetaka kuomba. Watu wazima walinishika nisishuke. Sijawahi kumwandikia mtu habari hii. Bagula peke yake nilimwambia kwa mdomo.

Florida ana miaka saba. Akitoka shule anatupa mkoba, analala kifudifudi mbele ya moto wa baba yake, pua kwenye zulia. Namwita aondoke, ananijibu mimi nyanya yake, "Koko, it's so warm down here!" Chini, shemeji. Pale pale chini.

Nimewaambia. Mutua akanieleza kwa heshima kwamba hewa ya gesi si kama ile ya kwetu, kwamba ikiharibika inatapakaa chumba chote, haikai chini. Nikamwuliza kama amewahi kufika Sake. Akasema hapana. Basi.

Kwa hiyo nimechukua hatua mwenyewe. Florida haruhusiwi tena kukaa sakafuni, anafanyia kazi za shule juu ya meza ya chakula, nimemwekea mto pale juu. Wageni nawakalisha kwenye vigoda virefu nilivyookota kwenye duka la vitu vya mtumba. Mke wa mchungaji alikuja kutuombea, akakaa miguu inaning'inia kama mtoto kwa kinyozi, akafupisha maombi.

Na nimeleta kuku. Alinipa mama mmoja wa kanisani mwenye shamba nje ya mji. Anakaa kwenye boksi la ndizi, chini, mbele ya moto, mahali pale pale pa Florida, ili hewa ikija ianze na yeye. Nimempa jina Mkaguzi. Mutua alipokuja kuutazama moto alichungulia boksi lile. Akasema, "Mama, si tuko na detector?" Nikamwambia, "Chako kina betri. Changu kina roho."

Mpaka leo Mkaguzi hajadhurika. Amenenepa, anataga kila siku. Dative anasema huo ni ushahidi kwamba moto hauna neno. Mimi nasema kuku huyu ana bahati, na huwezi kumlea mtoto kwa bahati ya kuku.

Kwa hayo yote, shemeji, naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, Jumapili baada ya ibada uite kikao cha familia kwa simu ya picha, Grâce akiwa Columbus, wewe Buffalo, sisi hapa, wote wamevaa vizuri. Umwamuru Nshombo autoe moto huu ukutani, aurudishe mlango wangu, na kaka yako arudi sebuleni kwa heshima.

Pili, kama Nshombo atajitetea kwamba moto ni salama, na atajitetea, maana ana karatasi ya kibali na anapenda kuionyesha, basi usibishane naye. Panda basi uje Louisville wewe mwenyewe. Ulale mbele ya huo moto siku saba mchana, chini, kifudifudi, kama anavyolala Florida. Usilete mto, mto utakuinua. Mimi nitakuwa juu ya kigoda naandika unavyoendelea. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, na ukoo haujawahi kuwa na mkubwa aliyeogopa sakafu. Ukiamka mzima siku ya nane nitakubali nusu. Usipoamka, Nshombo atakuwa amejibiwa, na mimi mwenyewe nitamtunza Béatrice na goti lake.

Tatu, mkikataa yote, nahamia kwa Grâce. Amesema, "Mama, chumba kipo, karibu." Nitaondoka na Biblia, picha ya Bagula, mbabula, mlango na Mkaguzi. Florida nitamwacha kwa sababu ni mtoto wa wenyewe, na hapo ndipo kalamu inaponishinda. Nimemlea tangu akiwa wa siku nne. Sijui nitawezaje kukaa Columbus kila siku saa tisa mchana nikijua ametoka shule na amelala wapi.

Sina mengine. Béatrice nimemsalimu juu, namsalimu tena. Msalimieni mchungaji wenu, bibi harusi na bwana harusi ingawa siwajui, na wote mtakaokaa nao meza moja. Kavugho mpeni kiti karibu na chakula, ana safari ndefu na ni mtu wa kuona haya. Mungu awatunze na theluji yenu, tunasikia huko ni ya kuzika magari. Ukimaliza kusoma ujibu upesi, shemeji, usiweke barua hii juu ya friji.

Ni mimi shemeji yako mwenye hofu na heshima,

Nyirabeza, Mama Nshombo

Nyongeza, leo Alhamisi.

Shemeji, nilitaka kuichana barua hii. Lakini ni kurasa saba, na mtu aliyesoma madarasa matatu hachani kurasa saba. Isome yote, halafu usiamini kitu isipokuwa habari za Marita.

Jana shule zilifungwa kwa sababu ya theluji. Nilibaki na Florida peke yetu. Moto wa Nshombo niliuzima mwenyewe asubuhi, tuwe salama, na dirisha nikalifunga kwa sababu moto haupo. Nikawasha mbabula kwenye kachumba ka nyuma, maharagwe juu yake, mlango wa nje nimefunga, mlango wa jikoni nimeuacha wazi nimsikie mtoto. Florida alikuwa juu ya meza yake. Akasema, "Koko, my head hurts." Nikampa maji. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha jikoni, naona macho yanakuwa mazito. Sikulala nayo, shemeji, naapa. Ni yenyewe iliyoniletea usingizi.

Kisanduku kikalia. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilisema moyoni, huo ndio moto wa Nshombo, nilisema mimi! na nilitaka kusimama nikauonyeshe kidole, miguu ikakataa. Florida akaruka kutoka mezani. Hakutafuta viatu wala mdoli. Alinishika kitenge, akanivuta kama mtu anavuta mbuzi, mpaka nje kwenye theluji, mimi na soksi zangu, akachukua simu mfukoni mwangu akawapigia. Akawaambia nyumba, mtaa, namba, jina langu, yote kwa Kiingereza, sauti haitetemeki. Ni mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa Kiingereza cha yule mtoto.

Wazima moto walikuja na kidude chao cha kupimia. Niliwaonyesha kwa kidole, pale, ukutani, huo, huo! Kijana mmoja akaenda mpaka kwenye moto wa Nshombo, akauona umezimwa, umepoa. Akatembea na kidude chake, kikizidi kulia, akapita pale ambapo mlango wangu haupo, chumba cha kulia, jikoni, kachumba. Akatoka amebeba mbabula yangu na maharagwe juu yake, mikono imenyooshwa mbele, akaiweka kwenye theluji. Maharagwe yalikuwa karibu kuiva.

Hospitali walituwekea hewa kwa kinyago, wakatupima, tukarudi nyumbani, tu wazima. Mutua alikuja leo asubuhi akakagua kila kitu na sabuni yake. Nilimwuliza kwa unyenyekevu kisanduku kilijuaje, ilhali kiko sebuleni na mbabula iko nyuma. Akasema hewa ilipita pale alipong'oa mlango. Akasema neno hilo taratibu, bila kunitazama, ni kijana mwenye adabu. Mlango nimewaambia wautoe nyuma ya kitanda changu, wampe mwenye shida ya mlango.

Mkaguzi muda huo wote alikuwa chini kwenye boksi lake anakula mchele. Hakusema kitu. Jumapili tunamla.

Sasa shemeji, tatizo lililobaki ni moja, nalo ni wewe. Jumanne jioni nilimwambia Nshombo mezani kwamba nimekuandikia. Hakubisha. Aliweka kijiko akasema, "Mama, niliuweka kwa ajili yako. Kama unakuogopesha utatoka." Akamwita Mutua aje Jumamosi autoe, moto pamoja na kisanduku chake. Tangu jana namwambia auache. Namsihi. Ananijibu, "Mama, shauri umeshalipeleka kwa baba mdogo. Likishafika kwa mkubwa halifungwi na aliyelileta, linafungwa na yeye." Ndivyo tulivyomlea, mimi na kaka yako, na leo ndiyo siku ya kwanza najuta tulimlea vizuri.

Ningekupigia mwenyewe. Lakini aibu yangu kwenye karatasi inapita, kwenye simu itakwama kooni.

Kavugho ameshakuja na mkoba wake, basi lake ni saa kumi na moja. Amekaa kwenye kigoda kirefu, anauliza kwa nini yeye peke yake yuko juu. Maana moto unawaka, dirisha liko wazi kidogo, na nyongeza hii naiandika kifudifudi kwenye zulia, kiwiko changu kimemgusa Florida. Ananisahihisha herufi ingawa hajui Kiswahili kinavyoandikwa. Ni kweli, huku chini kuna joto zuri.

Kwa hiyo usije kulala hapa, nafasi imejaa. Nihukumu tu. Ukiipata hii kesho Ijumaa, usimalize hata chai, mpigie Nshombo kabla Mutua hajafika na vyombo vyake, umwambie umesikiliza pande zote na mama yake ameshindwa kesi.

N.